Historia ya Uchujaji wa Mapigo ya Kelele katika Ingizo la Riseti la Mikrokontrola, 1934–2011

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya uchujaji wa mapigo ya kelele katika ingizo la riseti, yaani pini inayoiamuru mikrokontrola kuacha kazi na kuanza upya. Uchunguzi unaanzia kwenye saketi ya Otto Schmitt ya mwaka 1934 na kuishia mwaka 2011, ambapo mpigo mfupi katika pini hiyo ulitumiwa kuvunja ulinzi wa kompyuta ya michezo ya Xbox 360. Hoja kuu ni kwamba kuchuja kelele hakukuwa kazi ya kuzuia tu. Kila kizazi cha wahandisi kililazimika kuamua ni mpigo upi uaminiwe kuwa amri na upi upuuzwe, na kila uamuzi uliacha pengo ambalo kizazi kilichofuata kililipia gharama yake.

1.0 Utangulizi

Mikrokontrola ni kompyuta ndogo iliyokusanywa ndani ya chipu moja: prosesa, kumbukumbu, saa za kuhesabia na njia za kuingiza na kutoa data. Hutumika katika mashine za kufulia, mita za umeme, breki za magari, pampu za dawa hospitalini na vyombo vingine visivyohesabika. Miongoni mwa pini zake kuna moja yenye mamlaka kuliko zote. Pini hiyo ni ya riseti. Pini nyingine huiambia programu jambo, na programu huamua la kufanya. Pini ya riseti haiishauri programu. Ikipokea amri, kazi yote husitishwa na chipu hurudi kwenye anwani yake ya mwanzo.

Mamlaka hayo ndiyo chanzo cha tatizo. Ingizo la kawaida likisoma kelele kama ishara, programu inaweza kusoma tena mara mbili au tatu na kugundua kosa. Ingizo la riseti halina nafasi ya kusoma tena, kwa sababu msomaji mwenyewe ndiye anayeondolewa kazini. Mpigo wa umeme wa nanosekunde chache, uliozalishwa na swichi ya mota iliyo jirani au na kidole cha mtu mwenye chaji ya umeme tuli, unaweza kusimamisha pampu ya dawa katikati ya kazi.

Katika insha hii, neno “kelele” limetumika kwa maana ya kihandisi: mabadiliko ya volti ambayo hayakukusudiwa. “Mpigo wa kelele” ni mabadiliko ya namna hiyo yanayopanda na kushuka kwa ghafla. “Kichujio” ni saketi yoyote, au kanuni yoyote ndani ya chipu, inayozuia mpigo huo usichukuliwe kuwa amri.

2.0 Asili ya Kizingiti: Schmitt na Neva za Ngisi

Swali la msingi katika ingizo lolote la kidijitali ni hili: volti inayopanda polepole igeuke “ndiyo” wakati gani? Ikiwa kuna kizingiti kimoja tu, volti inayotetemeka karibu na kizingiti hicho itasomwa kuwa ndiyo, hapana, ndiyo, hapana, ndani ya kitambo kimoja. Kelele kidogo sana huzaa amri nyingi.

Jibu lilitoka mahali ambapo hapakutarajiwa. Mwaka 1934 Otto Schmitt, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, alibuni saketi ya vali za umeme iliyokuwa na vizingiti viwili. Utafiti wake ulihusu jinsi mapigo yanavyosafiri katika neva za ngisi. Neva haijibu kila mguso. Hungoja mguso ufikie kiwango fulani, kisha hutoa mpigo kamili. Schmitt alitaka saketi yenye tabia kama hiyo, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1938.

Katika saketi ya Schmitt, volti inayopanda husomwa kuwa ya juu pale tu inapovuka kizingiti cha juu. Ikishasomwa hivyo, haisomwi kuwa ya chini hadi ishuke kupita kizingiti cha chini. Nafasi iliyo kati ya vizingiti hivyo huitwa histeresisi. Kelele ambayo ni ndogo kuliko nafasi hiyo haiwezi kubadilisha usomaji. Takribani kila pini ya riseti iliyotengenezwa baadaye ilibeba wazo hili ndani yake.

Hata hivyo, histeresisi huchuja kwa kimo, haichuji kwa muda. Mpigo mrefu wa kutosha kwa kimo hupita hata kama umedumu kwa nanosekunde chache. Kwa hiyo suluhisho la Schmitt lilijibu nusu ya swali. Nusu ya pili, yaani mpigo udumu kwa muda gani ndipo uaminiwe, ilibaki kwa wengine.

3.0 Mapigo Angani: Apollo 11 na Apollo 12

Kabla ya mikrokontrola kuwepo, mpango wa Apollo ulikwisha kuonyesha njia mbili tofauti za kukabiliana na jambo hili. Kompyuta ya kuongozea vyombo vya Apollo ilisanifiwa na Maabara ya Vyombo ya MIT. Wasanifu wake walikubali kwamba kompyuta ingeweza kulazimishwa kuanza upya wakati wowote. Badala ya kutegemea kuzuia tu, waliandika programu iliyohifadhi hatua muhimu za kazi katika kumbukumbu ya sumaku, ambayo haipotezi data umeme unapokatika. Kompyuta ikianza upya, iliendelea na kazi muhimu kutoka mahali palipohifadhiwa. Tarehe 20 Julai 1969, wakati Apollo 11 ikishuka mwezini, kompyuta ilizidiwa na kazi na kutoa tahadhari namba 1202 na 1201. Programu ilianza upya mara kadhaa, ikaacha kazi zisizo za lazima, na chombo kikatua.

Miezi minne baadaye funzo lilikuwa la namna nyingine. Tarehe 14 Novemba 1969, sekunde 36.5 baada ya Apollo 12 kuruka kutoka Florida, radi ilipiga chombo. Radi ya pili ilipiga kwenye sekunde ya 52. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa mabadiliko ya ghafla ya volti yalizidanganya saketi zilizokuwa zikilinda seli za mafuta dhidi ya mkondo uliopita kiasi. Seli zote tatu zilikatwa kutoka kwenye nyaya za umeme za chombo, ingawa hazikuwa na hitilafu. Vipimo vilivyofika ardhini vilivurugika. Mhandisi John Aaron, aliyekuwa katika chumba cha uongozi mjini Houston, alikumbuka swichi moja ambayo ingerudisha vipimo hivyo, na mwanaanga Alan Bean aliijua mahali ilipo. Seli ziliunganishwa tena na safari ikaendelea hadi mwezini.

Tukio hilo lina uzito katika historia hii kwa sababu kilichodanganywa kilikuwa kinga yenyewe. Saketi iliyowekwa ili kuokoa seli za mafuta ndiyo iliyozikata, kwa kuwa haikuweza kutofautisha mkondo hatari na mpigo wa kelele. Pini ya riseti iko katika hali hiyohiyo: ni chombo cha uokoaji ambacho, kikidanganywa, huwa chanzo cha madhara. Aidha, yale yaliyowezekana katika Apollo hayakuwezekana katika vifaa vya bei nafuu vilivyofuata. Kumbukumbu ya sumaku na programu ya kuhifadhi hatua zilikuwa ghali. Mikrokontrola za kwanza zilihifadhi data zake za muda katika kumbukumbu inayofutika, na mara nyingi riseti ilimaanisha kuanza kazi yote mwanzo.

4.0 Kapasita Moja na Resista Moja

Mwaka 1976 kampuni ya Intel ilitoa mikrokontrola ya 8048, na mwaka 1980 ikatoa 8051, ambayo muundo wake ulienea kuliko karibu mingine yote ya wakati wake. Riseti ya 8051 ilihitaji pini ya RST ibaki na volti ya juu kwa angalau mizunguko miwili ya mashine, yaani vipindi 24 vya osileta. Kwa osileta ya megahezi 12, muda huo ni mikrosekunde 2. Chipu ilisoma pini hiyo mara moja katika kila mzunguko. Kwa namna hiyo, sharti la muda liliongezwa juu ya histeresisi ya Schmitt: mpigo ulitakiwa uwe na kimo cha kutosha na pia udumu.

Ili chipu ijianzishe yenyewe umeme unapowashwa, kitabu cha mtengenezaji kilipendekeza kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya umeme na pini, na resista ya kiloomu 8.2 kati ya pini na ardhi ya saketi. Umeme unapowashwa, kapasita ikiwa tupu huivuta pini juu; kadiri inavyojaa, pini hushuka. Zao la thamani hizo mbili ni milisekunde 82, muda unaotosha kabisa kwa osileta kutulia. Saketi hiyo ilikuwa rahisi, na ilinakiliwa katika vitabu vya kufundishia na bidhaa nyingi mno.

Urahisi huo ulificha kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba kapasita hupitisha mabadiliko ya haraka. Kwa kuwa kapasita ilifungwa kati ya umeme na pini, kila mpigo wa kelele katika njia ya umeme ulifikishwa moja kwa moja kwenye RST. Kilichoiokoa chipu mara nyingi hakikuwa kapasita bali lile sharti la vipindi 24. Kasoro ya pili ilikuwa kinyume cha ya kwanza. Umeme ukipungua kwa kitambo kifupi kutoka volti 5 hadi 3, kisha ukarudi, kapasita haikupata muda wa kumwaga chaji yake ya kutosha. Pini haikupanda hadi kwenye kizingiti, na riseti haikutokea. Lakini katika kitambo hicho prosesa ingeweza kuwa imepotea njia, ikitekeleza maagizo yasiyo na maana. Saketi ileile iliweza kupeleka amri isiyotakiwa na kukosa kupeleka amri iliyohitajika.

Watengenezaji wengine walichagua riseti inayofanya kazi pini ikiwa chini. Hapo kapasita hufungwa kati ya pini na ardhi, na mapigo ya haraka humezwa badala ya kupitishwa. Huo ulikuwa mpangilio bora dhidi ya kelele, ingawa ulihitaji diodi ya kumwaga chaji haraka umeme unapozimwa ili kasoro ya pili isirudi.

Si kelele zote zilizotoka katika umeme. Katika kompyuta ya Apple II ya mwaka 1977, kitufe cha kuanzisha upya kiliwekwa jirani na kitufe cha Return, na watumiaji walipoteza kazi zao kwa kuteleza kidole. Matoleo ya baadaye yalitaka kitufe cha Control kibonyezwe pamoja nacho. Kifikra, suluhisho hilo nalo ni kichujio: amri moja peke yake haikuaminiwa tena hadi ithibitishwe na nyingine.

5.0 Mlinzi wa Nje

Kasoro za kapasita na resista zilizaa aina mpya ya chipu, yaani kisimamizi cha volti, kinachokaa nje ya mikrokontrola na kuipa amri ya riseti. Mifano yake ni TL7705 ya Texas Instruments na familia ya MAX690 ya kampuni ya Maxim, na baadaye MAX809 yenye pini tatu tu. Kisimamizi hakingoji kapasita ijae. Hulinganisha volti ya umeme na kipimo thabiti kilichomo ndani yake. Volti ikishuka chini ya kiwango, hutoa riseti, na huendelea kuishikilia kwa muda hata baada ya umeme kurejea. Katika MAX809 ya volti 5, kiwango hicho ni volti 4.63, na riseti hushikiliwa kwa angalau milisekunde 140.

Jambo la kuvutia kihistoria ni kwamba wasanifu wa visimamizi walikutana na swali lilelile walilokuja kulitatua. Kisimamizi chepesi mno kingetoa riseti kwa kila mtetemo wa umeme. Kisimamizi kizito mno kingechelewa wakati wa hatari ya kweli. Jibu lao lilikuwa kuandika mapatano waziwazi. Karatasi ya data ya MAX809 ilieleza kwamba, kwa kawaida, volti ikishuka kwa milivolti 100 chini ya kiwango kwa mikrosekunde 20 au chini ya hapo, riseti haitatolewa. Iliambatana na mchoro unaoonyesha kwamba kadiri volti inavyoshuka zaidi, ndivyo muda wa kuvumiliwa unavyopungua. Kwa hiyo kimo na muda, vilivyokuwa maswali mawili tofauti tangu Schmitt, viliunganishwa katika mstari mmoja wa mchoro.

Hata hivyo, kisimamizi kililinda njia ya umeme. Hakikulinda kipande cha waya kilichotoka kwake hadi kwenye pini ya mikrokontrola. Waya huo, hasa ukiwa mrefu, uliweza kuokota kelele kutoka kwa nyaya za jirani kama antena, na kelele hiyo ikaingia nyuma ya mlinzi.

6.0 Sheria Inaingia Maabara

Hadi miaka ya 1980, kustahimili kelele kulikuwa sifa ya bidhaa nzuri. Katika Ulaya kukawa sharti la sheria. Agizo namba 89/336/EEC la mwaka 1989, lililohusu upatanifu wa kiumeme-sumaku, lilitaka vifaa visisumbue vingine na pia visisumbuliwe kirahisi. Baada ya kipindi cha mpito kilichoisha mwishoni mwa mwaka 1995, bidhaa isiyokidhi agizo hilo haikuruhusiwa kuuzwa katika soko hilo.

Sheria ilihitaji kipimo, na kipimo kilitolewa na viwango vya IEC. Kiwango cha 61000-4-4 kinaiga kelele ya rilei na swichi: mapigo yanayopanda kwa nanosekunde 5 na kudumu takriban nanosekunde 50, yakija kwa makundi. Katika kundi la milisekunde 15 lenye kasi ya kilohezi 5 kuna mapigo 75, na makundi hurudiwa kila milisekunde 300. Kiwango cha 61000-4-2 kinaiga cheche ya umeme tuli kutoka kwa mwili wa binadamu, inayopanda kwa chini ya nanosekunde moja hivi. Kwa kilovolti 8 za mguso, kilele cha kwanza cha mkondo hufikia ampea 30.

Vipimo hivyo vilifichua udhaifu wa mahesabu ya vitabuni. Kwa hesabu ya karatasini, resista ya kiloomu 10 na kapasita ya nanofaradi 100 zina muda wa milisekunde 1. Mpigo wa nanosekunde 50 unaopita katika resista hiyo ungebakiwa na sehemu moja kati ya 20,000 ya kimo chake. Lakini kelele haikulazimika kupita katika resista. Iliweza kuingia katika waya ulio kati ya kapasita na pini. Zaidi ya hayo, waya wenyewe hupinga mabadiliko ya haraka ya mkondo. Njia yenye nanohenri 10 ikipitiwa na mkondo unaobadilika kwa ampea 1 katika nanosekunde 1 huzaa volti 10, kiwango kinachozidi umeme wote wa chipu ya volti 5. Kapasita kubwa iliyowekwa mbali ilikuwa na manufaa madogo kuliko kapasita ndogo iliyowekwa kando ya pini. Uchujaji ukawa si suala la thamani za vipuri tu bali pia la mahali vinapokaa kwenye bodi ya saketi.

7.0 Kichujio Kinahamia Ndani ya Chipu

Ikiwa kelele huingia katika waya wa mwisho, mahali salama pa kuweka kichujio ni baada ya waya huo, yaani ndani ya chipu. Mikrokontrola ya PIC16F84 ya kampuni ya Microchip ilielezwa na mtengenezaji kuwa na kichujio cha kelele katika njia ya pini yake ya riseti, kinachopuuza mapigo madogo. Familia ya AVR ya kampuni ya Atmel ilichukua mwelekeo kama huo. Katika ATmega328P, mpigo wa riseti unahakikishwa kufanya kazi ukidumu mikrosekunde 2.5, mpigo mfupi zaidi hauhakikishwi. Kizingiti chake kinaweza kuwa popote kati ya sehemu 0.2 na 0.9 ya volti ya umeme.

Neno “hauhakikishwi” linastahili kuzingatiwa. Karatasi ya data haikusema kwamba mpigo mfupi utapuuzwa. Ilisema tu kwamba mtengenezaji haahidi kuwa utatii. Mhandisi aliyehitaji amri alikuwa na ahadi. Aliyeogopa kelele hakuwa nayo. Ndiyo maana mwongozo wa Atmel uliendelea kupendekeza resista ya nje na kapasita kwa mazingira yenye kelele. Ulipendekeza pia diodi, kwa kuwa pini hiyo, tofauti na nyingine, haikuwa na diodi ya ndani ya kuelekeza volti ya ziada kwenye umeme. Sababu ni kwamba pini hiyohiyo ilipokea volti 12 kama ishara ya kuingia katika hali maalumu ya kuandikia programu.

Hapa ndipo mgongano wa masilahi ulipojitokeza waziwazi. Pini ya riseti ilikuwa imepewa kazi za ziada: kuandikia programu na, katika baadhi ya AVR, kuchunguza programu inapoendeshwa kwa njia ya debugWIRE. Kazi hizo hutegemea mapigo ya haraka katika pini ileile ambayo kichujio kinataka mapigo ya haraka yapuuzwe. Kapasita iliyoilinda mashine kiwandani ilibidi iondolewe mezani kwa mhandisi. Bodi za Arduino, zilizoanzia mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005, zilionyesha upande mwingine wa mgongano huo. Matoleo yake ya baadaye yalitumia kapasita ya nanofaradi 100 kati ya njia ya mawasiliano ya kompyuta na pini ya riseti, ili bodi ijianzishe yenyewe inapopelekewa programu. Kwa maneno mengine, mpigo mfupi ulizalishwa kwa makusudi na kupelekwa kwenye pini. Lakini njia ya mawasiliano inaporudi juu, kapasita huisukuma pini kupita volti 5, kuelekea volti ile ya hali maalumu. Diodi ililazimika kurudishwa.

Hatua ya wazi zaidi ilichukuliwa na familia ya STM32F103 ya STMicroelectronics, iliyotolewa mwaka 2007. Karatasi yake ya data ilitoa ahadi mbili badala ya moja: mpigo wa hadi nanosekunde 100 utachujwa, na mpigo wa kuanzia nanosekunde 300 hautachujwa. Kwa mara hii anayeogopa kelele na anayehitaji amri walipewa kila mmoja namba yake. Kati ya namba hizo kuna nanosekunde 200 ambazo hazina mwenyewe. Pamoja na kichujio hicho cha ndani, mtengenezaji bado alipendekeza kapasita ya nanofaradi 100 nje ya chipu.

8.0 Kelele Inapata Nia

Kufikia hapo, wahandisi wote waliotajwa walidhani kelele haina nia. Radi haikuchagua Apollo 12, na mota ya mashine ya kufulia haina ugomvi na mikrokontrola. Dhana hiyo ilianza kutikisika katika miaka ya 1990. Mwaka 1996 Ross Anderson na Markus Kuhn walichapisha makala yaliyoonya kwamba chipu za kadi zilizodaiwa kuwa salama zingeweza kuvunjwa, miongoni mwa njia nyingine, kwa kuvuruga umeme au saa yake kwa kitambo kifupi ili prosesa iruke agizo moja.

Mwaka 2011 hoja hiyo ilifika kwenye pini ya riseti yenyewe. Kompyuta ya michezo ya Xbox 360 ya Microsoft, iliyoanza kuuzwa mwaka 2005, ilikagua kila hatua ya programu zake za kuanzia: ilikokotoa alama ya hatua inayofuata na kuilinganisha na alama sahihi kabla ya kuiruhusu. Mwezi Agosti 2011 mtafiti aliyejitambulisha kwa jina la GliGli alitangaza njia ya kukwepa ukaguzi huo. Prosesa ilipunguzwa kasi, kisha mpigo mfupi mno ukapelekwa kwenye pini yake ya riseti wakati ulinganisho ukifanyika. Mpigo haukutosha kuianzisha upya prosesa. Ulitosha kuivuruga, na ulinganisho ukatoa jibu kwamba alama zinafanana ilhali hazifanani. Njia hiyo haikufaulu kila mara, lakini kifaa kilichojaribu tena na tena hatimaye kilifaulu.

Prosesa hiyo haikuwa mikrokontrola, bali funzo linahusu zote. Ndani ya chipu kuna maelfu ya seli za kumbukumbu zinazopokea ishara ya riseti, na haziipokei kwa wakati mmoja wala kwa uzito mmoja. Mpigo mrefu huzirudisha zote mwanzo. Mpigo mfupi mno haugusi hata moja. Mpigo wa kati unaweza kugusa baadhi na kuacha nyingine, na kuiacha mashine katika hali ambayo msanifu wake hakuifikiria. Eneo lile ambalo karatasi za data ziliita lisilohakikishwa, na ambalo kwa miaka 30 lilichukuliwa kuwa usumbufu wa kiufundi, liligeuka mlango.

9.0 Hitimisho

Historia hii inaweza kusomwa kama hadithi ya maendeleo yaliyonyooka: kutoka kizingiti, hadi kapasita, hadi kisimamizi, hadi kichujio cha ndani. Ushahidi uliojadiliwa unaonyesha vingine. Kila hatua ilihamisha wajibu. Schmitt alimpa msanifu wa saketi kizingiti, akamwachia swali la muda. Kapasita ya 8051 ilijibu swali la muda wakati wa kuwasha, ikafungua njia ya kelele ya umeme. Kisimamizi kililinda umeme, kikauacha waya. Sheria ilipima waya, lakini ilipima kelele zisizo na nia. Kichujio cha ndani kiliweka namba, na kati ya namba hizo kikabaki kipande kisicho na ahadi.

Inafuata kwamba pini ya riseti haiwezi kufanywa salama kwa kuongeza uzito wa kichujio peke yake. Kichujio kizito hupunguza amri za uongo, na kwa kipimo kilekile huchelewesha amri za kweli, huzuia vyombo vya kuandikia programu na kupanua eneo la mpigo wa kati. Njia ya pili, ile ya Apollo, haijapitwa na wakati: kusanifu programu inayojua kwamba inaweza kukatizwa, inayoandika kumbukumbu ya chanzo cha kila riseti, na inayorudia ukaguzi muhimu zaidi ya mara moja. Mikrokontrola nyingi za sasa huhifadhi katika rejista maalumu chanzo cha riseti ya mwisho, iwe ni pini, upungufu wa umeme au saa ya ulinzi. Programu isiyosoma rejista hiyo huanza upya bila kujua kilichoiangusha, na huwa tayari kuangushwa tena na kitu kilekile.